Programu Inayoomba Mtandao Katikati ya Bahari

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda pwani na rafiki yangu tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta, tukapiga kafi, tukalala kwenye hema, na nimerudi Machakos na hasira. Hasira yenyewe si ya bahari. Ni ya sisi tunaoandika programu.

Haya, kisa chenyewe. Hori la Mida liko Watamu, kaunti ya Kilifi, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Ni bahari iliyoingia nchi kavu, mikoko kila upande. Tulikodi kayaki mbili (mitumbwi myembamba ya plastiki, kila mtu na wake), tukapiga hema ukingoni, kwenye shamba la mwenyeji aliyeturuhusu. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Tuliupiga picha zisizopungua arobaini. Kumbukeni hizo picha.

Mtu wa Machakos anayajua maji ya bwawa la Maruba: yakijaa, yanakaa hapo mpaka yatumike au jua liyakaushe. Hatujazoea maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Kwa hiyo tulibeba programu ya simu inayosifiwa sana, yenye ramani, upepo na saa za maji kujaa na kupwa. Jina silitaji, maana nyingi ziko hivyo hivyo. Saa mbili asubuhi tukaingia majini tuvuke ng'ambo. Katikati ya njia rafiki yangu akasikia kafi inagusa matope, akatoa simu. Programu ikamtaka aingie upya kwa neno la siri. Akaliandika. Kikaja kile kiduara kinachozunguka. Mtandao haukuwepo pale, na kiduara kikazunguka mpaka tukachoka kukitazama.

Kufikia saa tatu na nusu kayaki zilikuwa zimelala juu ya tope kama ng'ombe wa kiangazi. Rafiki yangu akashuka kuivuta yake, akakanyaga magamba ya chaza, kisigino kikachanika. Tulikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa, nusu imekwisha. Tulikaa pale juani mpaka saa saba, mguu umefungwa kwa fulana yangu, huwezi kutofautisha damu na tope.

Akapita mzee na kikapu chake, anatembea kwa miguu pale pale tulipopiga kafi saa moja kabla. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwezi jana hamkuuona?"

Tukasema tuliuona.

"Basi leo ni bamvua. Maji yanapwa mpaka saa nne, hapa hapapiti chombo. Tulieni, yatarudi yawachukue."

Sasa nisikilizeni, nyinyi mnaoandika programu. Pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Hiyo ndiyo bamvua, na tofauti ya kina inaweza kuzidi mita 3. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Ukijua leo ni siku ya ngapi ya mwezi, unazidisha, unajumlisha, umemaliza. Mzee yule ana programu kichwani na haihitaji bando.

Wala si elimu ya wavuvi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kukokotoa maji kujaa na kupwa. Magurudumu, kamba na mkono wa kuzungusha. Umezungusha, imekuchorea maji ya bandari ya siku zijazo. Bila umeme! Na simu yangu, yenye nafasi ya gigabaiti 128, haiwezi kuniambia saa ya maji mpaka iulize seva iliyo mbali. Shirika la bahari la Marekani, NOAA, kwa kawaida hutumia vijenzi 37 kukokotoa maji ya kituo kimoja. Vyote pamoja havifikii ukubwa wa picha moja ya ule mwezi wetu.

Najua mtakalosema. Upepo haukokotolewi hivyo, unataka seva. Kweli, basi mwambieni mtumiaji "upepo sina" na mmpe maji. Mtasema pia kosa ni letu, tungemuuliza mwenyeji kabla ya kuondoka. Kweli kabisa, tulikuwa wazembe. Lakini programu iliyojitangaza kuwa ya baharini ilijua itakwenda baharini. Aliyeiandika ndiye aliyeamua kwamba kuthibitisha akaunti kunatangulia kumwambia mtu maji yanaondoka.

Na mimi simo nje. Miaka miwili iliyopita niliandika programu ya kikundi kimoja cha maji huko Yatta, ya kusoma mita nyumba kwa nyumba. Ilitaka mtandao kila ukibonyeza. Wasomaji mita waliitumia siku nne, wakarudi kwenye daftari, nami nikawaita wagumu wa kujifunza. Aibu. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye simu zisizo na intaneti kabisa, na hao hao wagumu wa kujifunza waliishika bila semina.

Ya Yatta nimeanza kuiandika upya, isome mita kwanza na kutuma baadaye. Ya maji ya bahari nimeshaandika, mistari 30 hivi, inataka tarehe tu. Nimeilinganisha na jedwali la Kilindini: siku za bamvua inakaribia sana, maji mafu inapotea hata kwa saa nzima, kwa hiyo msiende nayo peke yake. Anayetaka msimbo aniandikie. Kisigino kimepona, na mwenye nacho anasema turudi Mida Desemba. Nimemwambia achague siku, saa nitapanga mimi.