Mazungumzo ya Nyumbani: Kiwanja cha Soko la Ujiji

Mwezi huu twataka kuongea nanyi habari za kiwanja. Si kiwanja cha mpira, wala cha kujengea nyumba, bali kile cha katikati ya mji, ambapo watu hukutana kuuza na kununua. Maana ukitaka kuijua tabia ya mji wa kale, usitazame kwanza nyumba za wakubwa. Tazama kiwanja chake, uulize ni nini kilichouzwa pale, na kwa kipimo gani.

Katika nchi ya Poland uko mji uitwao Kraków. Mwaka 1257 mji ule ulipimwa upya, na katikati yake pakaachwa kiwanja cha pembe nne, kila upande wapata mita 200. Baadaye palijengwa humo nyumba ya wauza nguo, na nyumba ya mizani mikubwa. Kwa nini mizani? Kwa sababu mgeni hamjui mwenyeji, wala mwenyeji hamjui mgeni. Wote wawili wahitaji kipimo kisicho cha huyu wala cha yule. Pasipo amani na kipimo cha haki, hapana soko.

Nasi watu wa Buhigwe tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya Ulaya tu. Chini ya milima yetu, karibu na ziwa Tanganyika, uko Ujiji. Burton na Speke walifika huko Februari 1858, na Burton akaandika habari za soko lake: mahali palipoinuka, pamefyekwa majani, na tangu saa nne ya asubuhi hata saa tisa, mvua isiponyesha, watu wamesimama na kuchuchumaa wakipatana bei, kelele zao zikisikika mbali. Palikuwa na samaki, mboga, ndizi, mbuzi, kuku, na pombe ya michikichi. Naye Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliona shanga ziitwazo sofi zikitumika kama fedha. Soko lilipoanza, wenye mifuko ya sofi waliwapa wanunuzi kwa kubadilishana na shanga nyingine. Lilipokwisha, walizipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida kwenda na kurudi. Basi, wavunja fedha hawakuwa Yerusalemu peke yake!

Lakini Burton aliandika na neno jingine. Katikati ya samaki na ndizi, mara nyingine alitembezwa mtumwa, kama itembezwavyo bidhaa. Hapo yatupasa kusimama kidogo. Kiwanja kilikuwa kile kile, na jua lile lile. Aliyekuja kununua samaki alipita karibu na binadamu aulizwaye bei, na soko likaendelea.

Mtu akiisha kuwa na bei, amani ya soko haidumu. Ng'ambo ya ziwa, huko Manyema, palikuwa na soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wapata 1,500 walikusanyika pale, wengi wao wanawake. Watu wa wafanya biashara wakaingia na bunduki, wakawapiga risasi. Waliokimbilia mitumbwi wakazama mtoni. Wafanya biashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Akageuka, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, amechoka na kudhoofika, na huko ndiko Stanley alikomkuta.

Enyi waalimu, watoto wetu wanajua sana habari za wazungu wawili waliokutana Ujiji. Waulizeni pia yule mmoja alikuwa ametoka wapi, naye alikuwa ameona nini sokoni. Barua zake juu ya mauaji yale zilipofika Uingereza ziliwachoma watu moyo, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja. Hata hivyo huku bara biashara ile haikukoma mara moja. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, na biashara kubwa ikaanza kuhamia huko.

Siku hizi hapana mtu auzwaye kwa shanga. Lakini, enyi wazazi, yuko mtoto apelekwaye mjini kuwa mtumishi wa nyumba, wakubwa wakapatana ujira wake, naye asiulizwe neno. Shule ameiacha, na mshahara haumfikii mkononi. Wengi twamjua mmoja wa namna hiyo. Tukikutana naye sokoni amebeba kikapu cha tajiri wake, tusipite tu na samaki wetu. Tumwulize jina lake, na kwao ni wapi, na kama wazazi wake wana habari zake. Kisha tuwapelekee.