Mwenye Daftari Nyuma ya Farasi

Kama ulikuwa kijana katika miaka ya 1970 utakumbuka foleni zilizojipanga mbele ya majumba ya sinema ya Dar es Salaam kila ilipoletwa picha ya kauboi. Stelingi aliingia mjini peke yake juu ya farasi, hana jina wala ndugu, na waliokaa viti vya mbele wakampokea kwa miluzi. Wachache walijua kwamba mji ule haukuwa Texas. Ulikuwa Hispania, katika nchi kavu ya Tabernas mkoani Almería, na wenye picha walikuwa Waitalia. Wachache zaidi walisoma, katika majina yaliyopita upesi mwanzoni, jina la mtu aliyehakikisha kwamba farasi yule amekula.

Mtu huyo ni meneja wa utengenezaji. Mwongozaji huota, meneja hupiga hesabu ya ndoto hiyo. Yeye ndiye anayekodi farasi, anayetafuta vibali serikalini, anayepanga nani aamshwe saa ngapi na apande gari gani, anayetia saini malipo ya mafundi seremala na ya wanavijiji wanaolipwa kwa siku ili wafe vumbini. Mvua ikinyesha, hasara yake huandikwa katika daftari lake. Mpishi akichelewa, yeye ndiye anayetukanwa.

Tena alifanya kazi hiyo kwa fedha haba. Picha ya Sergio Leone ya mwaka 1964, A Fistful of Dollars, iligharimu kiasi cha dola 200,000, na Clint Eastwood mwenyewe alilipwa dola 15,000 tu. Fedha zilichangwa na makampuni ya Italia, Hispania na Ujerumani Magharibi, ikabidi kila nchi ipate waigizaji wake na mafundi wake. Hebu fikiria kuendesha kambi ya namna hiyo, ambamo huyu anaamrisha kwa Kitaliano, yule anauliza kwa Kihispania, na stelingi anajua Kiingereza peke yake! Dawa yake ilikuwa kuacha kila mtu aseme lugha yake mbele ya kamera, kisha sauti zote zikatiwa upya studioni. Hata ukanda wa filamu ulibanwa. Waitalia walitumia mtindo uitwao Techniscope, ambao kila picha ilichukua nafasi ya matundu mawili ya ukanda badala ya manne, na hivyo nusu ya gharama ya ukanda ikabaki mfukoni. Sura zile kubwa zilizojaza pazia zima, jasho likitiririka, zilizaliwa kwa sehemu katika ubahili huo.

Mwaka 1966 Leone alipotengeneza The Good, the Bad and the Ugly, fedha zilikuwa zimeongezeka, na matatizo pia. Karibu na Santo Domingo de Silos, katika mkoa wa Burgos, lilihitajika eneo la makaburi zaidi ya 5,000, na juu ya mto Arlanza daraja la kulipuliwa. Nguvu kazi ilikuwa askari wa jeshi la Hispania, wakati huo chini ya utawala wa Jenerali Franco. Kijana aliyeitwa kulitumikia taifa lake akajikuta anachimba makaburi yasiyo na maiti kwa ajili ya sinema ya wageni. Siku ya mlipuko, kwa heshima, afisa mmoja wa jeshi alipewa kazi ya kuufyatua. Akadhani amesikia ishara. Daraja likaruka angani wakati kamera hazijaanza kazi! Askari wakalijenga upya, na likalipuliwa mara ya pili. Mtazamaji aliona daraja moja. Wenye hesabu waliona mawili.

Lakini si kila kitu huingia katika hesabu. Mwaka 1968 Leone alikuwa Guadix, kusini mwa Hispania, akitengeneza Once Upon a Time in the West, na meneja wake alikuwa Claudio Mancini. Aliyeiona picha hiyo hatasahau mwanzo wake: majambazi watatu wanangoja gari moshi, kimya, nzi anamsumbua mmoja, maji yanamdondokea wa pili, na wa tatu anaalisha vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Yule wa vidole alikuwa Al Mulock, mzaliwa wa Kanada. Kazi ikiwa bado inaendelea, Mulock alijirusha kutoka dirishani katika hoteli walimokaa, akiwa amevaa mavazi yale yale ya jambazi. Mancini alikuwa chumbani pamoja na Mickey Knox, mwandishi wa maneno ya Kiingereza ya picha hiyo, na wote wawili wakauona mwili ukipita mbele ya dirisha lao. Mulock hakufa papo hapo. Alifariki baada ya kuchukuliwa kupelekwa hospitali.

Knox alisimulia baadaye kwamba majeruhi akiwa bado hajaondolewa, Leone alimwambia Mancini ayachukue mavazi, kwani yalihitajika. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara huniacha na uchungu. Najua mavazi ni mali iliyoorodheshwa, na kwamba kesho yake farasi watataka majani na wafanyakazi watataka posho. Hata hivyo aliyelala chini alikuwa mfanyakazi mwenzao, naye aliyeambiwa akayachukue ndiye yule yule ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza watu wa kambi nzima.

Picha ilikamilika. Mancini hakuiacha kazi hiyo wala hakuachana na Leone. Mwaka 1984 ilipotoka Once Upon a Time in America, picha ndefu ya wahalifu wa New York na ya mwisho ya Leone, jina la Mancini lilikuwamo tena, safari hii kama mtayarishaji mtendaji. Lile banda la shambani lililojengwa kwa ajili ya picha ya 1968 bado limesimama karibu na Tabernas, na watalii hulipa kiingilio ili wapigwe picha mlangoni pake.