Akiacha sigara, usimwache peke yake



Leo ninaomba tuongee juu ya jambo lililotokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sababu wengi kati yenu mtalitambua.

Mwanzoni mwa Kwaresima baba wa watoto wangu aliacha sigara. Alikuwa amevuta miaka 14. Tulifurahi sana, mtoto wa mwisho akapiga makofi. Lakini siku ya tatu, mwanaume huyo anayependa kuchekesha watu alinyamaza. Alikemea watoto bila sababu, na usiku alilala macho wazi. Nilifikiri kuna jambo analonificha. Siku ya sita nilichoka, nikamwambia: "Kama ni hivi, heri urudilie sigara yako!" Hakujibu. Jioni alirudi na harufu ya moshi kwenye shati.

Muuguzi mmoja wa kituo cha afya ndiye alinifungua macho. Ndani ya tumbaku kuna nikotini. Mtu akivuta, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache na kuleta raha ya muda mfupi. Ubongo unazoea. Siku inapokosekana, unaidai: hasira, huzuni, usingizi kupotea, kazi kushindikana. Mambo hayo yanaanza siku ya kwanza, yanakuwa makali zaidi juma la kwanza, na kwa wengi yanapungua ndani ya majuma mawili mpaka manne. Kumbe bwana wangu alikuwa kwenye mlima mkali kabisa, na mimi nikamsukuma nyuma!

Kuna watu ambao mlima huo ni mrefu zaidi: aliyewahi kuugua ugonjwa wa huzuni, ule ambao waganga wanauita depresio, aliyefiwa karibuni, aliyepoteza mali na watu katika vita. Kwao sigara ilikuwa kama fimbo ya kuegemea. Lakini tusidanganyike kwamba inatuliza mawazo. Inatuliza tu kiu ambayo yenyewe imeleta. Watafiti wameona kwamba walioacha kabisa, baada ya miezi kadhaa, wana huzuni na wasiwasi kidogo kuliko walioendelea kuvuta.

Basi tufanye nini nyumbani?

Chagueni pamoja tarehe ya kuacha, na watoto wajue kwamba baba atakuwa na siku ngumu, si kwa kosa lao. Punguzeni kahawa: moshi wa sigara unafanya mwili umalize nguvu ya kahawa haraka, kwa hiyo akiacha, kikombe kile kile kitamsumbua zaidi na kumnyima usingizi. Kasiksi isichukue nafasi ya sigara. Mpe kazi ya mikono, tembeeni pamoja. Akianguka, usimcheke, wengi wanajaribu mara nyingi kabla ya kufaulu. Na kama anakunywa dawa za ugonjwa wa akili, amwambie muganga kabla ya kuacha, maana kipimo cha dawa zingine kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

Huzuni ikidumu kila siku kupita majuma mawili, asipopenda tena kitu chochote, akijiona hana maana, mpelekeni kituo cha afya. Hapa Bukavu, SOSAME inatunza wagonjwa wa namna hiyo. Akiongea juu ya kufa, usingoje kesho na usimwache peke yake. Si uchawi, wala si uvivu.

Na sisi wamama? Kuna wanaovuta kwa kujificha, na wabibi wanaonusa tumbaku. Nikotini ni ile ile, na huzuni ya kuacha ni ile ile. Nao pia wanahitaji mtu wa karibu. Katika kikundi chenu juma hili, ulizaneni: nani nyumbani kwake kuna mtu anayejaribu?

Baada ya Pasaka bwana wangu alijaribu tena. Siku ya tatu aliponyamaza, nilipeleka viti viwili uani, nikakaa kando yake na kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Hatukuongea mengi. Sasa ni mwezi wa tatu, na juzi alituchekesha tena mezani.

Mwalimu wenu