Maneno na Maana Yake: 'Uncle'

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja la Kiingereza lililoingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi, nalo ni 'uncle'. Hapa Mkata, penye njia panda ya kwenda Handeni, watoto hulitamka 'anko', nao humwita kwa neno hilo ndugu wa mama, ndugu wa baba, rafiki wa baba, hata dereva na mwenye duka. Je, maana yake ni nini, na lafaa kutumiwa wapi?

Kwa Kiingereza cha leo, 'uncle' ni ndugu mwanamume wa baba au wa mama, tena ni mume wa shangazi, na mume wa mama mkubwa au mama mdogo. Sisi kwa Kiswahili twawatenga watu hao. Ndugu wa mama ni mjomba. Ndugu wa baba aliyemtangulia baba kuzaliwa ni baba mkubwa. Aliyezaliwa nyuma yake ni baba mdogo. Na watu wa pwani husema ami. Tena ukubwa na udogo huo hupimwa kwa baba, wala si kwako: baba mdogo aweza kuwa mdogo kwako kwa umri, naye ni baba vilevile.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waingereza nao zamani walipambanua. Kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi yao mwaka 1066, walikuwa na 'eam', yaani mjomba, na 'fædera', yaani ndugu wa baba. Baadaye neno la Kifaransa likayafukuza yote mawili. Nalo lilitoka katika Kilatini, 'avunculus', ambalo maana yake ilikuwa mjomba tu. Ndugu wa baba aliitwa 'patruus'. Basi 'uncle' kwa asili ni mjomba, ila limepanuka hata likapoteza mipaka yake.

Huenda mtu akasema, "Neno ni neno tu, lina madhara gani?" Madhara yapo. Wazigua tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya wapwa wake. Wasambaa, jirani zetu wa upande wa Korogwe, huhesabu kwa upande wa baba. Tena mashamba ya mkonge yalileta watu wa makabila mengi, wakaoana. Sasa tuseme mtoto amefiwa na babaye, naye aandika katika karatasi ya shule kwamba mlezi wake ni 'uncle'. Mwalimu atamwita nani? Na katika kikao cha mirathi, mtu akisema, "Anko ndiye aliyeachiwa shamba alitunze," kila upande utasikia jina la mtu wake, na mtoto ndiye atakayeumia. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hatuna sababu ya kwenda huko na neno lisilopambanua.

Liko na jambo la pili. Jina 'baba mdogo' humkumbusha mwenye kuitwa kwamba ana wajibu wa baba. Akiitwa 'anko' siku zote, ukumbusho huo hufifia, naye asilaumiwe sana siku atakapojiona mgeni katika nyumba ya nduguye.

Basi mnapoandika Kiingereza, fuateni haya. Kwanza, palipo na haja ya kupambanua, andikeni 'mother's brother' au 'father's younger brother'. 'Maternal uncle' na 'paternal uncle' pia ni sahihi. Pili, herufi kubwa hutumika neno likifuatwa na jina la mtu, kama 'Uncle Juma', lakini 'my uncle' huandikwa kwa herufi ndogo. Tatu, msiandike 'small father', maana Mwingereza atadhani mwasema habari za mtu mfupi.

Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu jioni moja: Mjomba wako ni nani? Baba yako mkubwa ni nani, na akaa wapi? Mtoto awezaye kujibu ajua pia mlango wa kubisha siku ya shida. Mwezi ujao tutalitazama neno 'cousin', ambalo nalo limebeba mzigo mkubwa kuliko mabega yake.