Kabla ya kiti cha daktari wa meno, mfunze mtoto kupumua

"Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akung'oe hayo meno!" Kauli hii tumeisikia Kangemi, Kawangware hadi Dagoretti, na wengi wetu tulilelewa nayo. Halafu siku jino linauma kweli, tunashangaa mbona mtoto ameshikilia mlango wa kliniki na amekataa katakata kuingia.

Hofu hii si mchezo. Mtoto anayeogopa hucheleweshwa. Akicheleweshwa, anafika shavu likiwa limevimba, na jino ambalo lingezibwa mapema sasa ni la kung'olewa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa miaka 5 nchini walikuwa na meno yaliyooza. Kwa hivyo hatuzungumzii mtoto mmoja muoga.

Kuna kitu rahisi tunachoweza kuongeza kwenye maandalizi: pumzi za yoga. Najua, wengi wakisikia yoga wanawaza mikeka ya bei na mabwanyenye wa Lavington. Lakini tangu 2007, shirika la Africa Yoga Project limekuwa likifunza vijana wa mitaa ya Nairobi kuwa walimu wa yoga. Ujuzi uko kwetu tayari.

Mtu akiogopa, pumzi huwa fupi, moyo hudunda mbio na misuli hukaza. Akitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta, moyo hupunguza kasi. Madaktari wa meno India wamejaribu na watoto zoezi la bhramari: mtoto anavuta pumzi kwa pua, anafunga midomo, kisha anaitoa akivuma kama nyuki. Kwa mtoto huo ni mchezo tu.

Wewe kaka au dada mkubwa ndiye hutumwa kumpeleka mdogo wako, kwa hivyo kazi ni yako. Anzeni nyumbani siku chache kabla. Rudieni mkiwa kwenye matatu ya 46 mkielekea hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek. Jam itawapa muda wa kutosha. Kwenye kiti, mdomo ukiwa wazi, hawezi kuvuma. Hapo aweke mkono tumboni, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi 3, aitoe akihesabu hadi 5. Kubalianeni na daktari mapema kuwa akiinua mkono, anaomba kupumzika kidogo.

Tusidanganyane: yoga haizibi jino, wala haichukui nafasi ya sindano ya ganzi. Usimwambie mtoto kuwa hatasikia chochote. Akisikia, hatakuamini tena. Na kama neno yoga linampa mzazi wasiwasi kwa sababu ya dini, liite zoezi la kupumua. Mapafu hayajali jina.

Kliniki nazo zisaidie. Dakika 5 za kupumua pamoja kwenye foleni hazihitaji mashine wala bajeti.

Lakini la kwanza halihitaji hata mkeka. Leo jioni, mtoto akisumbua nyumbani, mkanye kwa njia nyingine. Daktari wa meno si fimbo.