Naye Ana Moyo



Wiki hii twawaomba mtufuate mbali na pwani yetu, hadi Lodwar katika Kaunti ya Turkana, penye jua kali na mvua haba. Huko iko nyumba ya wageni iitwayo Nawoitorong. Imejengwa kwa vifaa vya papo hapo, na wanaoiendesha ni kikundi cha wanawake wa huko. Fedha anayoiacha mgeni huingia mikononi mwa kikundi chao wenyewe. Mtu akiwa na neno katika kazi yake na fungu katika faida yake, huishughulikia kama mali yake.

Lakini si kila mfanyakazi atakuwa mwenye mali. Tutazame Kakuma, katika kaunti iyo hiyo, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Wakimbizi wengi wanaofundisha, wanaofasiri lugha na wanaohudumia wagonjwa hupewa posho iliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya afanyaye kazi kama hiyo. Mwili huchoshwa na kazi, ukapumzika, ukapona. Moyo uliochoshwa na kutothaminiwa hauponi kwa usingizi wa usiku mmoja.

Surat al-Qasas yatusimulia jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoajiriwa Madyan. Binti ndiye aliyemshauri babake amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee yule akayataja malipo waziwazi, akataja muda wa miaka minane, na miwili ya kutimiza kumi akaiacha kwa hiari ya Musa. Tena akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha. Makubaliano yalitangulia, na kazi ikafuata.

Sasa turudi majumbani mwetu. Akina mama, wengi wetu ni waajiri bila kujihesabu hivyo. Yule dada wa kazi huamka kabla ya alfajiri na hulala baada ya vyombo vya mwisho kuoshwa. Twamkabidhi mwana wetu amlee, naye wake amemwacha kwa bibi yake, mwaka ukapita bila kumwona. Akinuna twasema ana kiburi. Akiondoka twasema hana shukrani. Ni lini tulimwuliza hali yake?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamhusu naye pia. Yampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hiyo si hisani yetu, bali ni haki yake. Na mshahara unaocheleweshwa hadi apige magoti kuuomba, hata ukilipwa wote, umekwisha kumvunjia heshima.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, tuketi naye, chai iwe baina yetu, tumwulize mambo matatu: siku gani apumzike, tarehe gani alipwe, na kazi ipi inamlemea. Kisha tunyamaze tumsikilize. Watoto wetu watakuwa wanatutazama, nao kesho watakuwa waajiri au waajiriwa.

Wabillahi tawfiq.