KISANDUKU CHA MDOGO WETU: TUKICHOME AO TUKIRUDISHE?



Tangu majuma mawili maneno ni moja tu katika dortwari, kwenye mstari wa maji na hata mezani: kisanduku. Wengine wanasema kimejaa dawa za uchawi, wengine wanasema ndani mna kidole cha mtu aliyekufa. Sisi makapita wa darasa la mwisho ndio tuliokikamata, ndio tuliokifungua, na ufunguo wa kabati uko kwetu hadi leo. Kwa hiyo ni lazima sisi tuseme, kusudi mtu asiongeze juu ya yale tuliyoona kwa macho.

Habari ilianza hivi. Jumamosi moja, kisha kufua nguo, mdogo wetu mmoja wa miaka 13 alionyesha wenzake mchezo. Alishika kipande cha feza cha zamani, akakipoteza mkononi, akakitosha nyuma ya sikio la mwenzake. Watu walicheka sana. Lakini usiku umeme ulipokatika, mmoja akasema gizani: "Kama anaweza kutosha makuta ndani ya sikio ya mutu, atashindwa kutosha roho?" Kesho yake hakuna aliyekaa karibu naye kwa chakula. Alimpa rafiki yake karanga, na yule akazitupa, kwani kwetu kila mtoto amesikia ya kwamba uchawi unapewa kwa chakula. Siku ya tatu mtu aliandika kwa chaki juu ya kitanda chake neno MULOZI.

Na sisi tulifanya nini? Tulikamata kisanduku. Tulifikiri tunaleta amani. Kumbe tulitia mafuta kwenye moto. Wale waliokuwa na mashaka, walipoona makapita wanne wanabeba sanduku dogo lililofunikwa blanketi, waliamini kabisa. Tunakiri kosa hilo hapa, mbele ya shule nzima. Tulikamata kwanza, tukauliza nyuma.

Siku ya tano ndipo tulimwita atuonyeshe kila kitu, saa nane mchana, mlango wazi. Alitetemeka mwanzoni. Kisha alisahau woga akaanza kutuelekeza: "Yaya, musiangalie hii mukono, muangalie ile ingine. Ile ninayowaonyesha njo inawadanganya." Tulikaa naye mpaka kengele ya ibada. Na kwa sababu tumezoea kupewa pointi, tuliamua sisi pia kupana pointi kwa kila kitu tulichokuta.

Gobele tatu za plastiki na vidonge vitatu vya musi vilivyokatwa kwenye matela ya zamani. Vidonge vinahama toka gobele moja kwenda nyingine bila mtu kuona. Mchezo huu ni mzee kuliko shule zote. Seneca, mwandishi wa Roma aliyeishi wakati mmoja na mtume Paulo, aliutaja katika barua zake. Gobele hazina tundu wala kitu kilichofichwa, ni za kawaida kama za kunywea uji. Kazi yote ni ya vidole na ya maneno ya mchezaji. Tunatoa 8 kwa 10. Angepata 9, lakini gobele ni nyepesi sana na moja inaanguka ovyo.

Kipande cha makuta tano cha wakati wa Zaire. Babu yake ndiye alimpa. Feza ile ilikufa mwaka 1998, wakati franka ya Kongo ilipochukua nafasi ya zaire, na leo dukani hainunui hata bonbo. Hakuna udanganyifu wowote katika kipande chenyewe: tulikipima, tulikigonga juu ya jiwe. Alituambia alifanya mazoezi ya mkono mmoja kwa miezi minne mbele ya kioo kilichopasuka. Tunatoa 10 kwa 10, na tunasema wazi: ndicho kitu kizuri kuliko vyote sandukuni, na ndicho kilichomletea taabu.

Kidole gumba cha plastiki. Hiki ndicho "kidole cha mtu aliyekufa"! Kimetengenezwa viwandani kwa rangi ya ngozi ya Mzungu. Mchezaji anakivaa juu ya gumba lake na kuficha ndani kitambaa kidogo. Mdogo wetu alikipaka siraji nyeusi ya viatu kusudi kifanane na mkono wake. Mbali kidogo unakubali, karibu unacheka, na ukitokwa na jasho siraji inashika kitambaa. Tunatoa 4 kwa 10. Mwenye kukitengeneza hakufikiri kama na Mwafrika anacheza.

Karata. Hizi zimechongwa kidogo upande mmoja, zinakuwa nyembamba chini kuliko juu. Ukigeuza moja, vidole vinaisikia hata macho yakifungwa. Kwa jukwaa ni nzuri. Lakini ndani ya dortwari, ambapo tunajua wengine wanacheza kwa sabuni na kwa sukari, ni hatari. Pointi 7 kwa werevu, 2 kwa mahali zilipokutwa.

Kitabu. Ni cha Kifaransa, kimepoteza ganda na kurasa za mwisho. Michoro ni mizuri: inaonyesha kila kidole mahali pake, na kila mchezo unafuatiwa na maneno ya kusema. Tulitafuta majina ya pepo, maombi kwa wafu, madawa. Hayamo. Yamo mazoezi, kama katika kitabu cha hesabu. Tunatoa 8. Ni kitabu cha mtu mwenye subira, mvivu atakitupa siku ya pili.

Ndivyo vyote vilivyomo. Sasa tuseme maoni yetu.

Kuna wenzetu waliosimama katika mkutano wa wanafunzi na kutaka vichomwe moto. Walisoma Matendo ya Mitume sura ya 19, habari ya watu wa Efeso waliochoma vitabu vya uganga vyenye bei ya vipande 50,000 vya feza. Tunaheshimu andiko hilo. Lakini tulisome vizuri. Watu wale walileta vitabu vyao wenyewe, kwa moyo wao. Hakuna anayesimuliwa pale kuwa alinyang'anya kitabu cha mdogo wake usiku. Tena vitabu vyao vilikuwa vya kutafuta nguvu juu ya watu wengine, havikuwa vya kufundisha vidole. Na katika sura ya 8 ya kitabu hicho hicho, Simoni wa Samaria hakukemewa kwa sababu ya mchezo. Alikuwa akijifanya mtu mkuu, akashangaza watu waamini kwamba uwezo wake ni wa Mungu, kisha akataka kununua kipawa cha Roho kwa feza. Hapo ndipo tunapata mizani. Kila mwenye kucheza mbele ya watu tumuulize maswali mawili: Je, anasema kwamba ni mchezo? Na kisha mchezo, nani anarudi nyumbani na mfuko mtupu?

Tujaribu mizani hiyo. Yule wa karata tatu sokoni, ambaye ndugu zetu wa Kenya wanauita mchezo wake pata potea, hasemi kama vidole vyake vimesoma. Anasema ni bahati, na mama anapoteza feza ya unga. Huyo ni mwizi. Anayesema ataongeza noti zako ndani ya bahasha, mbili ziwe nne, naye ni mwizi, hata akitaja jina la Yesu kila neno la tatu. Mdogo wetu alisema nini Jumamosi ile? Wote waliokuwako wanakumbuka: "Muangalie, nitawadanganya." Na yule mwenye sikio hakupoteza kitu.

Historia pia inatufundisha. Mwaka 1856 Serikali ya Ufaransa ilimtuma Aljeria bingwa mmoja, Robert-Houdin, aliyekuwa mtengeneza saa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuonyesha wenyeji kwamba uwezo wa Wafaransa unapita ule wa viongozi wao wa dini. Alikuwa na kisanduku kidogo. Mtu mwenye nguvu alikiinua bila taabu, kisha akajaribu tena, akashindwa. Chini ya jukwaa mlikuwa sumaku ya umeme, na kitako cha kisanduku kilikuwa cha chuma! Ni ile ile tuliyojifunza katika fisiki: ukipitisha umeme chuma kinashikwa, ukiukata kinaachwa. Werevu ule tunausifu. Kazi uliyotumwa kufanya hatuisifu, kwani ilikuwa kutawala watu kwa kuwaficha jambo. Mwaka 1868 Robert-Houdin aliandika kitabu akieleza siri za kazi yake, na ni kama alifungua kisanduku chake mwenyewe.

Wako waliotumia ujuzi huu kuokoa. Mwaka 1584, Uingereza, wakati watu walipouawa kwa kuitwa wachawi, Reginald Scot alitoa kitabu kikubwa kupinga mashitaka yale. Ndani yake alieleza michezo ya feza, ya karata na ya gobele, kusudi mahakimu na watu wote wajue kuwa ni mikono ya mwanadamu. Na Houdini, yule wa minyororo aliyekufa mwaka 1926, alizunguka Marekani akifunua wale waliochukua feza za wajane kwa kujifanya wanaongea na marehemu. Hakuwashinda kwa fimbo. Aliwashinda kwa sababu alijua mkono ule mwingine unafanya nini.

Sisi watu wa Goma tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Tunaishi na mazuku. Mtu anakuta mbuzi wake amekufa ndani ya shimo, hana kidonda, hana damu. Zamani mwenye mbuzi angeweza kutafuta jirani wa kumshitaki. Leo tunajua ni gesi kaboniki inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakaa pale chini, inaua mbuzi na mtoto mdogo mbele ya mtu mrefu. Ungemfukuza jirani, na kesho mbuzi wa pili angekufa palepale. Kutojua sababu ya kitu hakutoshi kumwekea mtu jina.

Na jina hili si mchezo. Wako watoto wanaolala barabarani katika miji ya inchi yetu sababu mtu wa nyumbani alisema neno moja tu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inatoa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu kwa mwenye kufanya hivyo. Mwenye kuandika kwa chaki kitandani alifikiri anacheka. Afahamu kwamba yeye ndiye aliyefanya jambo la hatari katika shule hii, si mwenye kipande cha makuta tano.

Wengine watasema: "Lakini akizoea kudanganya kwa mikono, kesho atadanganya kwa mtihani." Jambo hilo tumelifikiri, si la kutupwa. Karata zile zilitutia mashaka. Lakini mtu anayekaa miezi minne mbele ya kioo kwa kitu kimoja, tunaona amejifunza jambo ambalo wengi wetu wafinalisti bado tunalitafuta. Na kisu cha jikoni hatukukikataza kwa sababu kinakata.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya kwa Bwana Prefe, kwa pasta wa shule na kwa ninyi wote:

Kwanza, kisanduku kirudishwe Jumamosi hii, mchana, mbele ya wote, na sisi tuliokichukua ndio tukirudishe kwa mikono yetu.

Pili, karata zikae kwa Bwana Direkta wa Disiplini, zitoke siku ya maonyesho tu.

Tatu, mwalimu wa fisiki akubali kutengeneza pamoja na mdogo wetu kisanduku cha sumaku, kila mmoja ajaribu kukiinua, kisha kielezwe. Siri ya gobele na ya likuta abaki nayo, ni kazi yake. Akitaka kufundisha, afundishe.

Ine, aliyeandika neno lile aje yeye mwenyewe kumwomba msamaha. Hatutamtaja. Na sisi tutaomba msamaha mbele yake, sababu kosa letu lilionekana na wengi zaidi.

Tunamaliza kwa jambo moja ambalo wengi hawajui. Mdogo wetu amekwisha kumwomba mama yake aje kumchukua, na mama atafika Jumatatu. Yeye anasema hana hasira na mtu, anataka tu mahali ambapo watakula karanga zake. Kati ya Jumamosi na Jumatatu kuna ibada moja na vyakula vitano. Meza yake ni ile ya karibu na dirisha. Nafasi ziko.

Kapita wa dortwari, kwa niaba ya makapita wa darasa la mwisho